Gari la Kibati la Hewani

Mgeni akiingia barazani kwangu kwa mara ya kwanza, jicho lake huenda kwenye kabati la kioo lililo ubavuni mwa rafu ya vitabu. Hutazama, akatazama tena, kisha kwa adabu akauliza: "Haya ni ya wajukuu, Ustadhi?" Nami hujibu kuwa la, ni yangu mwenyewe. Hapo mgeni hunyamaza kidogo, akaomba maji ya kunywa, na mazungumzo yakaanza upya kwa habari za mvua.

Simlaumu. Mtu mzima wa miaka hamsini na kitu, aliyesoma chuoni mpaka akahitimu, ambaye watu humjia awatungie tenzi za harusi na za matanga, kuonekana ana kabati la vigari ni jambo la kustaajabisha. Walakini hivyo si vitu vya kuchezea. Ni mifano midogo ya magari yaliyoshindana katika mbio za Safari, ile Safari yetu ya Pasaka, na kila kimoja kimepimwa na kupunguzwa kwa hesabu maalumu, hata taa na vioo vyake vikalingana na vya gari lenyewe. Ninavyo 23. Duniani wako watu wanavyo elfu na zaidi.

Msomaji mpenzi, leo nataka kukueleza kwa nini ninavikusanya. Na ili nikueleze vyema, sina budi kukurudisha nyuma mpaka mwaka 1982, kwenye kijiji kiitwacho Hewani.

KANDO YA MTO TANA

Jina lisikudanganye. Hewani iko ardhini, tena ardhi yenye rutuba, kando ya Mto Tana, si mbali na Garsen. Ni kijiji cha Wapokomo, watu wa mpunga, ndizi na maembe, ambao mto huwapa udongo mpya kila unapofurika, na mara nyingine ukawachukulia nyumba. Wapokomo ndio waliotupa sauti ya wimbo wetu wa taifa. Mwaka 1963 ulipotafutwa wimbo wa Kenya huru, ulichukuliwa wimbo wa mama wa Kipokomo akimbembeleza mwanawe alale. Nakuomba ulikumbuke jambo hilo tunapoendelea, kwamba kitu cha mtoto mchanga kilisimamisha taifa zima wima.

Mjomba wangu alikuwa na duka Garsen. Shule zikifungwa nilitumwa kwake, nikavuka mto kwa kivuko, nikakaa mpaka shule zifunguliwe. Alikuwa akienda Hewani kununua mpunga na maembe, nami hufuatana naye, na huko nikapata rafiki, kijana wa Kipokomo aliyenizidi kama miaka miwili.

Pasaka ya mwaka huo redio ya mjomba haikuzimwa. Sauti ya Kenya ilikuwa ikitangaza Safari, na jina lililokuwa midomoni mwa watu wote ni Shekhar Mehta. Bwana huyu alizaliwa Uganda, akahamia Kenya mwaka 1972 Wahindi walipofukuzwa na Idi Amin, na mwaka uliofuata tu akaishinda Safari. Akaishinda tena 1979, 1980 na 1981. Sasa alikuwa akiitafuta ya nne mfululizo na ya tano kwa jumla, ndani ya Nissan Violet, na pembeni yake amekaa Mike Doughty akimsomea njia. Nyuma yao alikuwako Mjerumani Walter Röhrl na Opel yake. Mehta alishinda. Mpaka leo hakuna aliyeifikia idadi hiyo ya ushindi katika Safari.

Rafiki yangu hakuwa na redio wala hakuwahi kuiona Violet. Alichokuwa nacho ni kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari dukani kwa mjomba, chenye picha ya gari hilo ubavuni. Alichukua unyasi, akaupima urefu wa gari pichani, akaukata. Kisha akakata unyasi mwingine mrefu mara nne kuliko ule, na huo ndio ukawa urefu wa gari lake. Kila kitu alikifanya vivyo hivyo: mlango mara nne, dirisha mara nne, gurudumu mara nne. Hakuna mwalimu aliyemfundisha.

Bodi alilitengeneza kwa mkebe wa mafuta ya kupikia, akaupasua na kuunyoosha kwa jiwe. Magurudumu yalikuwa ya ndara kuukuu, ekseli ni njiti za makuti, viti ni mabua ya mahindi, na taa ni vizibo vya soda. Ndani akaweka punje mbili za mahindi, moja ya manjano na moja nyeupe, akazibandika kwa ulimbo. "Huyu ni Mehta," akaniambia, "na huyu ni Doughty." Mwisho, gari likiwa limekamilika na linang'aa, alilipeleka mtoni akalipaka tope mpaka madirishani. Nikamuuliza kwa nini anaiharibu kazi yake. Akanijibu, "Safari haina gari safi."

Shule zilipofunguliwa alinipa gari lile. Nyumbani kwetu mama hakulitaka. Alisema takataka zimetosha. Basi likabaki katika stoo ya mjomba kule Garsen, juu ya magunia, kwa miaka 15. Mwishoni mwa mwaka 1997 zikaja mvua za El Niño, Tana ukapasua kingo zake, na maji yakaingia stoo. Sukari iliyeyuka, mchele ukaoza, na gari la kibati likachukuliwa. Mjomba aliihesabu hasara yake mpaka senti ya mwisho. Gari halikuwamo katika hesabu.

MOJA KWA 43

Miaka ilipita. Siku moja nilikuwa Dubai kwa shughuli zangu, nikapita mbele ya duka linalouza vigari vya mifano, na ndani ya kioo nikaiona Violet ya 1982. Nilisimama pale nikasahau nilikokuwa nikienda. Bei yake ilitosha mfuko wa mchele wa kilo 25. Niliinunua, na mke wangu aliponiuliza nimemletea nini, nilitafuta maneno nisiyapate.

Tangu siku hiyo nikaanza kujifunza elimu ya vitu hivi, nikaona ni elimu kamili. Mifano mingi ya wakusanyaji ni ya kipimo cha 1 kwa 43, yaani gari halisi ni refu mara 43 kuliko mfano wake. Volkswagen ya mgongo wa kobe, yenye urefu wa mita 4 na kidogo, huwa sentimita 9 na nusu. Hesabu hiyo ngeni ilitokana na treni za kuchezea. Waingereza walipounda treni hizo walizipunguza kwa kipimo cha milimita 7 kwa kila futi moja, na ukigawa futi kwa milimita 7 unapata 43 na nusu. Kisha wakataka vigari vya kuweka kwenye stesheni zao, navyo vikafuata kipimo kile kile. Kampuni ya Frank Hornby ya Liverpool ndiyo iliyovieneza katika miaka ya 1930 kwa jina la Dinky Toys.

Vigari hivyo humiminwa. Zinki iliyochanganywa na madini mengine huyeyushwa, ikasukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu ya chuma. Ikipoa hutoka bodi moja nzima, ikapakwa rangi, ikawekwa vioo. Wajapani nao, hasa kampuni za Tamiya na Hasegawa za jimbo la Shizuoka, hutengeneza mifano ya plastiki ya kipimo cha 1 kwa 24, ambayo huuzwa vipande vipande ndani ya boksi, na mnunuzi akaunganisha mwenyewe kwa gundi na subira.

Sasa nifungue kabati, msomaji, uone.

Rafu ya juu ni ya Volkswagen. Safari ilianza mwaka 1953, kwa kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Volkswagen ilishinda 1954, 1957 na 1962. Mwaka 1965 kampuni ya Corgi ya Uingereza ikatoa Volkswagen ndogo ya Safari, na ndani ya boksi lake ikatia na kifaru. Basi mtoto wa Birmingham aliyenunuliwa gari hilo siku ya sikukuu alijua kuwa katika Afrika Mashariki kuna njia mbaya na kuna kifaru. Mtu hakutiwa boksini.

Rafu ya pili ni ya Peugeot 404, iliyoshinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka na 7 tu yakafika. Mwaka 1968 yaliondoka 93, yakafika 7 tena, na mara zote mbili wa kwanza alikuwa Nick Nowicki na mwenzake Paddy Cliff. Miaka miwili ya katikati alishinda Bert Shankland, aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Watu wa pwani hawahitaji kuambiwa Peugeot ni nini. Ndiyo iliyotupakia Mombasa na Malindi, tumebanana na kuku miguuni.

Pembeni ya hizo ipo Volvo ya 1965, ya Joginder Singh na nduguye Jaswant. Joginder alizaliwa Kericho, na Volvo ile alikuwa ameinunua imekwisha kutumika. Alishinda kwa gari la mtumba, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Utotoni mwetu dereva wa basi akikimbiza sana, akina mama nyuma walipiga kelele: "We Joginder, tufikishe salama!"

Rafu ya tatu ni ya Wajapani, na hii ina hadithi yake. Mwaka 1969 ilitengenezwa Japani filamu ya mbio za Safari, akiigiza Yujiro Ishihara aliyekuwa nyota mkubwa wa nchi hiyo. Mwaka uliofuata Edgar Herrmann akashinda kwa Datsun 1600, na 1971 akashinda tena kwa Datsun 240Z. Japani nzima ikaijua Safari, na tangu hapo viwanda vyao havikuacha kutengeneza mifano ya magari hayo. Ile 240Z yenyewe, gari halisi la 1971, iko Zama, katika hifadhi ya kampuni ya Nissan, na wanaitunza pamoja na mabonyeo iliyoyapata katika barabara zetu.

Mkusanyaji hulijua gari la Safari hata akifumba macho, kwa kulipapasa tu. Mbele lina vyuma vya kukinga ng'ombe na wanyama wa mwitu. Lina taa zaidi ya kawaida, nyingine zimewekwa juu ya mabawa ya mbele ili kumulika kando ya njia. Limeinuliwa juu kwa ajili ya mawe, limebeba magurudumu mawili ya akiba, na yale ya miaka ya 1990 yana bomba lililopanda mpaka paani, ili injini ivute hewa gari likiwa majini. Gari lile lile likienda kushindana Monte Carlo huvuliwa vingi kati ya hivyo. Kwa hiyo katika kiganja cha mkono unashika barabara ya Taita, na mto uliofurika, na ng'ombe aliyekatiza njia usiku.

UNYEVU, NA SUALA LA ISRAFU

Mambo mawili humsumbua mkusanyaji wa pwani. La kwanza ni hewa yetu ya chumvi. Ekseli hushika kutu, na magurudumu ya mpira hunata kwenye ubao wa plastiki yakauyeyusha. Mifano ya zamani, ile ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili, ina maradhi mabaya zaidi. Ikiwa risasi kidogo iliingia katika zinki ilipoyeyushwa, chuma hupasuka chenyewe baada ya miaka, kikawa unga, na unyevu hukizidishia. Dawa yake hakuna, ila kukinga tu kwa mahali pakavu na penye kivuli. Mimi huweka mkebe wa mchele mkavu kila rafu, ukavuta unyevu, na kila mwezi nikaubadilisha.

La pili ni la dini. Rafiki yangu mmoja, mtu wa msikitini, aliniuliza bila kuficha kama haya si israfu, na kama mifano si katika yale tuliyokatazwa. Nilimjibu kuwa gari halina roho, na kilicho na roho katika kabati langu ni kile kifaru cha Corgi, ambacho nimekiacha ndani ya boksi lake. Kisha nikamkumbusha habari ya Bibi Aisha, radhi za Allah ziwe juu yake, iliyo katika mkusanyo wa Abu Dawud. Alikuwa na wanasesere, na kati yao farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Mtume, sala na salamu zimshukie, alimuuliza juu ya farasi mwenye mbawa, akajibu kwa habari ya farasi wa Nabii Suleiman, naye Mtume akacheka. Kitu cha mtoto hakikudharauliwa katika nyumba ile.

Ama israfu, hilo nilimkubalia kuwa ni la kuangaliwa. Kigari kimoja adimu huweza kupita karo ya muhula mzima. Kanuni yangu ni kwamba sinunui mpaka nyumba imekula na zaka imetoka, wala sinunui cha kumwonesha mtu. Rafiki yangu aliridhika nusu.

MTEPE HAUPO, MFANO UPO

Nusu ile iliyobaki nilimjibu kwa habari ya mtepe.

Kila mtu wa pwani anajua kuwa babu zetu, hasa Wabajuni na watu wa visiwa vya Lamu, walikuwa na chombo kiitwacho mtepe, kilichoshonwa kwa kamba za usumba bila msumari hata mmoja, na tanga lake la mkeka. Chombo hicho kilitoweka mwanzoni mwa karne ya 20. Hakuna mtepe wa kale uliobaki duniani. Basi tumejuaje umbo lake, omo yake ilivyochongoka, mbao zake zilivyoshonwa? Tumejua kwa picha chache, kwa maandishi ya wasafiri, na kwa vijitepe vidogo vilivyoundwa na mafundi walioujua mtepe wenyewe, vikawekwa katika majumba ya makumbusho. Mafundi wa Unguja walipouunda upya mtepe kamili katika miaka ya mwanzo ya 2000, kwa ajili ya jumba la Beit al-Ajaib, ilibidi warudi kwenye picha na mifano kama hiyo.

Na tazama ajabu. Jumba la Beit al-Ajaib lenyewe liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020. Vitu vikubwa huanguka. Kilichotuvusha miaka mia ni kitu ambacho bila shaka siku kilipoundwa kulikuwa na mtu aliyesema, "Huyu fundi anacheza tu."

Ndipo nilipofahamu kinachonivuta. Safari imekwisha kutupita sisi watu wa pwani. Ilitoka katika ubingwa wa dunia baada ya 2002, na iliporudi mwaka 2021 ilikwenda Naivasha. Magari yaliyoshinda yako kwa wenyewe, ng'ambo. Mifano yake hutengenezwa ng'ambo na hununuliwa ng'ambo. Lakini mfano wa kwanza kabisa wa Violet ya 1982 niliouona mimi haukutoka Japani wala Ulaya. Uliundwa Hewani, wiki ile ile ya mbio, kwa mkebe na ndara, nasi wenyewe hatukuuhesabu hata katika hasara.

KURUDI HEWANI

Mwaka 2024, baada ya mafuriko makubwa yaliyoanza mwishoni mwa 2023 na kurudi tena katika masika, nilikwenda Tana. Kutoka Malindi mpaka Garsen ni zaidi ya kilomita 100, na siku hizi ni lami. Mfukoni nilikuwa na Violet yangu ya Dubai, nimeifunga kwa kitambaa.

Rafiki yangu nilimkuta. Ana mvi kama zangu, ni fundi wa mitumbwi, na nyumba yake ilikuwa ndiyo kwanza inakandikwa upya. Tulishikana mikono muda mrefu, tukaulizana wazee waliotangulia, tukawarehemu. Nilipoifungua Violet aliishika kwa vidole viwili, akaigeuza, akaichungulia ndani.

"Nzuri," akasema. "Lakini imeoshwa."

Nikacheka. Akaichungulia tena.

"Na hawa wamekwenda wapi?"

"Akina nani?"

"Mehta na Doughty."

Kweli, msomaji. Nilikuwa nayo miaka yote hiyo, nikiifuta vumbi kwa brashi, na sikuwahi kuona kuwa viti vyake ni vitupu.

Tulipokuwa tukizungumza alipita mjukuu wake, mtoto wa miaka kama 9, akivuta kitu kwa kamba. Nilimwita. Lilikuwa lori. Bodi lake lilikuwa la mkebe wa mafuta ya msaada, magurudumu yake ni vifuniko vya jerikeni, na turubai lake ni kipande cha hema la buluu. Ndani mlikuwa na vifuko vidogo vya mchanga, vimefungwa uzi. Tope lilikuwa upande mmoja tu, wa kushoto.

"Ni lori la nini?" nikamuuliza.

"La chakula. Lilikuja maji yalipopungua."

"Na kwa nini umelipaka tope upande mmoja?"

Akanitazama kama mtu anayeulizwa jua linachomoza wapi. "Lilikwama pale," akanyoosha mkono. "Lililalia upande huu."

Nikamuuliza alijuaje ukubwa wake. Akasema lori lilipokwama alilipima kwa hatua, likawa hatua 12, naye akaliunda vidole 12. Hatua moja, kidole kimoja. Nilimwomba atembee mbele yangu, nikaipima hatua yake kwa utepe wa babu yake: sentimita 54. Upana wa kidole chake: sentimita 1 na robo. Nilipopiga hesabu sikuamini, nikaipiga mara ya pili. Ilikuwa 1 kwa 43, na sehemu ndogo tu juu yake.

Nilimwambia tubadilishane, nimpe Violet anipe lori. Babu yake akamruhusu. Mtoto aliichukua Violet, akaiweka mchangani, akaisukuma. Magurudumu yake membamba yalizama, haikwenda. Akainirudishia. "Haikimbii," akasema, bila kebehi.

Mwishowe tulipatana kwa masharti yake: nimpatie waya mpya, pea mbili za ndara kuukuu, na nisilioshe. Waya na ndara nilizitafuta Garsen siku ile ile nikampelekea.

Lori hilo sasa liko rafu ya juu, karibu na Volkswagen. Chini yake nimeweka karatasi niliyoandika jina la aliyelitengeneza, kijiji cha Hewani, mwaka 2024, na maneno haya: lori la chakula, lilikwama likalalia kushoto. Iko siku mafuriko hayo yatakuwa tarakimu katika vitabu, na hakuna kitabu kitakachokuambia lori lililalia upande gani. Mtoto wa miaka 9 amekuambia.

Na karibu na lori iko Violet. Sikuiuza wala sikuiondoa. Nimeitia punje mbili za mahindi, moja ya manjano na moja nyeupe.

Basi wewe unayesoma haya, Lamu, Kipini, Garsen, Malindi, Mombasa au Tanga, mwanao akija na kigari cha waya, au kijingalawa cha ganda la nazi, au ndege ya kijiti cha muhogo, usikitupe siku ya kufagia. Andika jina lake, mahali na mwaka, ukiweke pakavu, mbali na chumvi. Kimoja tu kinatosha kwa kila mtoto. Hakigharimu hata senti, wala hakuna atakayekuuliza habari ya israfu.

Nami kwa ajili ya kile kilichochukuliwa na maji sina cha kuweka ila ubeti huu:

Gari lake la kibati, halikutoka dukani,
Aliliunda kwa kuti, na mabua ya shambani,
Maji hayana wakati, yaliingia nyumbani,
Leo liko moyo kati, mfano u akilini.